UZI: Umri wa dinosaria wa Tendaguru. Kwa nini Oldupai iwezekane na Lindi ishindikane?

#1 Mchimba Hoja

Wakuu, habari za jioni.

Kila mahali tunasoma kwamba dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, waliishi "miaka milioni 150 iliyopita". Ni namba rahisi kukariri, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Oldupai ukiuliza umri wa Zinj, fuvu la jamaa wa kale wa binadamu alilolipata Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, unaonyeshwa tabaka la majivu lililo chini yake kidogo, Tafu IB, lenye umri wa miaka milioni 1.848, na kosa la kipimo ni kama miaka elfu tatu tu. Tendaguru ukiuliza swali hilohilo unajibiwa milioni 150, basi, kimya.

Dai langu ni hili: milioni 150 haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwenye makombe ya baharini. Wenye utaalamu mnisahihishe au mnikazie.

#2 Argoni40

Umegonga penyewe, ila rekebisha jambo moja. Hata Oldupai hakuna aliyepima mfupa. Kinachopimwa ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana kuwa mwamba, yaani tafu, na mfupa unapewa umri kwa kuwa umelala juu au chini ya tafu hilo.

Saa yenyewe ni potasiamu 40. Nusu-maisha yake ni miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazooza, kama 11 zinakuwa argoni 40 na 89 zinakuwa kalsiamu 40. Kalsiamu haitusaidii, maana mwamba umejaa kalsiamu nyingine ya tangu mwanzo na huwezi kuitofautisha. Argoni ni gesi: uji wa volkeno ukiwa bado wa moto gesi inatoroka, mwamba ukipoa gesi inaanza kunaswa ndani ya fuwele. Kwa hiyo saa inaanza kwenye sifuri siku ya mlipuko.

Oldupai ina Ngorongoro, Olmoti na volkeno nyingine jirani zilizokuwa zinamwaga majivu kila mara. Lindi ya wakati wa Jura, yaani kipindi walichoishi dinosaria hawa, ilikuwa pwani tulivu yenye mito, madimbwi na bahari ya kina kifupi. Pasipo majivu, saa ya argoni haina pa kuanzia.

#3 Kipepeo wa Rondo

Samahani kwa swali dogo. Kwani kaboni 14 si inapima mfupa wenyewe moja kwa moja?

#4 Tabaka Nne

@Kipepeo wa Rondo swali lako si dogo, linaulizwa kila siku. Kaboni 14 nusu-maisha yake ni miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 hivi kinachobaki ni kidogo mno, hata vumbi la kaboni ya leo kutoka mikononi mwako linaweza kukizidi. Ukipeleka mfupa wa Tendaguru utapata namba, ndiyo, lakini itakuwa namba ya uchafu. Tena mfupa wa Tendaguru ulishabadilishwa na madini. Kolajeni, protini ya mfupa inayopimwa, haipo.

Kaboni 14 imewahi kufanya kazi nzuri Oldupai penyewe. Mwaka 1913 Hans Reck alikuta mifupa ya mtu ndani ya Tabaka la II akasema mtu huyo ni wa kale sawa na tabaka lenyewe. Ubishi ukachukua miaka. Kumbe ni kaburi: watu wa baadaye sana walichimba shimo hadi kwenye tabaka la kale wakamzika mwenzao humo. Kaboni ilipokuja kupimwa ikatoa takriban miaka 17,000.

#5 Mchimba Hoja

Reck huyu ni yule wa Tendaguru?

#6 Tabaka Nne

Ndiye. Wajerumani walichimba Tendaguru 1909 hadi 1913. Misimu ya mwanzo waliongoza Werner Janensch na Edwin Hennig, msimu wa mwisho ukaongozwa na Reck. Na mkuu wa mafundi wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina linalostahili kutajwa kila Tendaguru inapotajwa. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu. Halafu Waingereza walipokuja 1924, Louis Leakey alikuwemo akiwa kijana. Kwa hiyo Oldupai na Lindi zimepitia mikono ileile.

#7 Argoni40

Narudi kwenye mada kabla hatujapotea. Watu wanadhani argoni ni kubonyeza kitufe. Hatua zenyewe ni hizi kwa ufupi:

Unachukua kilo kadhaa za tafu, sehemu ambayo haijaliwa na hali ya hewa. Unaponda, unachekecha, unaosha. Chini ya hadubini unachagua fuwele za feldispa moja moja kwa kibano, zile angavu, zisizo na ukungu wala nyufa. Unaziosha kwa tindikali hafifu ya haidrofloriki kuondoa kioo cha volkeno kilichong'ang'ania. Kisha zinaingia kwenye kinu cha nyuklia pamoja na fuwele za kulinganishia zenye umri unaojulikana. Nyutroni zinageuza potasiamu 39 kuwa argoni 39. Mwisho unayeyusha fuwele moja kwa leza na kupima uwiano wa argoni 40 kwa argoni 39. Hewa nayo ina argoni yake, kwa hiyo unapima pia argoni 36 ili uikate: hewani argoni 40 ni mara 298.6 ya argoni 36.

Mambo yanayoharibu ni mawili makubwa. Fuwele iliyochakaa inavujisha gesi, umri unatoka mdogo. Fuwele ya kale iliyosombwa na mto ikachanganyika na majivu mapya inatoa umri mkubwa. Zamani walikuwa wanayeyusha gramu nzima kwa pamoja, na fuwele moja ya kale ikiwemo inalikoroga jungu lote bila wewe kujua. Ndiyo maana siku hizi ni fuwele moja moja.

#8 Nyundo

Na kosa hilo la pili ndilo lililowasumbua Koobi Fora, Turkana. Tafu la KBS walilipa umri wa milioni 2.6 mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akapata fuvu KNM-ER 1470 chini ya tafu hilo, kwa hiyo fuvu likawa la karibu milioni 3, na dunia nzima ikashtuka.

Aliyekataa mapema hakuwa mtu wa mashine. Walikuwa nguruwe. Basil Cooke aliangalia magego ya nguruwe mwitu wa chini ya KBS akayalinganisha na yale ya bonde la Omo, Ethiopia, ambako matafu yalikuwa yamepimwa vizuri. Jino la tatu la nyuma la ukoo ule linarefuka na kupanda juu kadiri miaka inavyokwenda. Meno ya Koobi Fora yalilingana na ya Omo ya milioni 2, si 2.6. Ubishi ulidumu karibu miaka kumi, maabara moja ikitoa 2.4, nyingine 1.8 na 1.6. Leo KBS ni karibu 1.87.

Nguruwe aliishinda mashine. Nakuomba @Mchimba Hoja usiyadharau makombe.

#9 Mchimba Hoja

Kula tano, Nyundo. Sijayadharau, nataka kujua yanafanyaje kazi.

#10 Chaza

Hapo ndipo penye utamu, niruhusuni nirefushe.

Tendaguru si tabaka moja, ni kama keki ya matabaka. Ukitoka chini kwenda juu: Tabaka la Chini la Dinosaria, juu yake mchanga wa baharini wenye konokono aina ya Nerinella, kisha Tabaka la Kati la Dinosaria, kisha mchanga wa bahari wenye kome Indotrigonia africana, kisha Tabaka la Juu la Dinosaria, na juu kabisa mchanga mwingine wenye Rutitrigonia. Bahari ilipanda na kushuka mara tatu. Mifupa iko kwenye matope na mchanga wa nchi kavu na ufuko. Makombe yako kwenye mchanga wa bahari katikati yake. Dinosaria hatuambii umri, ila amebanwa juu na chini na viumbe wanaouambia.

Kinachofanya kiumbe kuwa saa nzuri ni vitu vitatu: awe ameenea mbali, awe mwingi, na aina yake iwe imedumu kwa muda mfupi. Amonaiti, wanyama wa baharini wenye gamba la kujiviringisha, wana sifa zote tatu, na ndio uti wa mgongo wa kalenda ya Jura. Tatizo ni kwamba Tendaguru amonaiti ni wachache. Kome wa Trigonia wamejaa tele, unaokota mpaka unachoka, lakini hao ni wakazi wa mahali. Aina ya kusini mwa Bahari ya Hindi ya kale huioni Ulaya, ambako hatua za Jura, yaani vipande vya wakati ambavyo kipindi hicho kimegawanywa, zilipewa majina. Kwa hiyo unalinganisha Lindi na Kachchh ya India, na Kachchh na Ulaya. Kila daraja unalovuka linaongeza wasiwasi.

#11 Mtama

Uzi mzuri. Swali: kwa hiyo kimondo kiliwaua hawa wa Lindi?

#12 Tabaka Nne

@Mtama hapana, kimondo kilikuja miaka milioni 66 iliyopita. Giraffatitan, dinosaria mkubwa wa Tendaguru mwenye shingo kama ya twiga, alikuwa ameshalala udongoni zaidi ya miaka milioni 80 kabla ya hapo. Na kama unataka kuona mpaka wa kimondo Afrika, nenda Tunisia, El Kef. Pale ndipo mpaka rasmi wa kimataifa kati ya Kretasia, kipindi kilichofuata Jura, na Paleojini inayokuja baada yake ulipowekwa, chini ya udongo mwembamba wenye iridiamu.

#13 Mwalimu wa Chati

Naomba niongeze jambo ambalo naona limesahaulika, maana linagusa hiyo 150 yenyewe.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kimoja ni kuuweka mfupa ndani ya hatua: kusema "huyu ni wa Kimeriji" au "huyu ni wa Tithoni", hatua mbili za mwisho za Jura. Hiyo ndiyo kazi ya makombe. Kingine ni kuipa hatua hiyo miaka, na miaka inapatikana kwingine duniani, palipo na majivu au mwamba wa volkeno wa kupima. Lindi inakopa miaka kutoka huko.

Sasa chati ya kimataifa inarekebishwa. Kwa muda mrefu mwanzo wa Kimeriji ulikuwa milioni 157.3 na mwanzo wa Tithoni 152.1. Chati za karibuni zimeshusha: Kimeriji inaanza 154.8, Tithoni 149.2. Tazama matokeo yake. Ukisema "milioni 150" kwa chati ya zamani umesema Tithoni. Ukisema "milioni 150" kwa chati mpya umesema Kimeriji. Mfupa haujasogea hata unywele.

Mifupa mingi ya Giraffatitan aliyesimamishwa Berlin, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, imetoka Tabaka la Kati, ambalo wengi wanaliweka mwishoni mwa Kimeriji. Kwa hiyo ushauri wangu: andikeni jina la hatua kwanza, miaka baadaye. Jina lina maisha marefu kuliko namba.

#14 Mchimba Hoja

Hili sikulijua kabisa. Ahsante. Ila mipaka ya hatua inawekwa na nani?

#15 Mwalimu wa Chati

Kwa kila hatua wataalamu wanachagua genge moja la mwamba duniani, wanaonyesha sentimita ile ambapo hatua inaanza, kisha tume ya kimataifa inapiga kura. Baadhi ya mahali wanapigilia kibati cha shaba nyeupe, wenyewe wanakiita msumari wa dhahabu. Kimeriji yake iko Flodigarry, kisiwa cha Skye, Uskoti, imepitishwa 2021. Mpaka wa Jura na Kretasia ndio umekuwa mgumu kuliko yote. Vipindi vingine vyote vya tangu Kambri vilipata misumari, huu ukabaki unabishaniwa. Tabaka la Juu la Tendaguru liko karibu na mpaka huohuo, kwa hiyo ubishi wa Ulaya unatua hadi Lindi.

Na usiseme "Jura ya Juu waliishi dinosaria". Jura ya Juu ni mwamba. Muda ni Jura ya Mwisho. Mwamba una juu na chini, wakati una mwanzo na mwisho.

#16 Nyundo

Ualimu umekukolea, mkuu. Lakini uko sahihi.

Na Tanzania ina jina kwenye kalenda hiyo. Sumaku ya dunia hugeuka, kaskazini ikawa kusini. Kipande kimoja ambapo ilikaa kama ya leo, kati ya takriban milioni 1.93 na 1.78, kinaitwa Olduvai duniani kote kwa sababu kilitambuliwa kwenye miamba ya korongo letu. Kwa miaka mingi mwanzo wa Plestosini, kipindi kinachofuata Pliosini, ulikuwa karibu na mwisho wa kipande hicho, milioni 1.8. Mwaka 2009 ukarudishwa nyuma hadi 2.58. Zinj hakusogea, lakini kabla ya 2009 alihesabiwa mtu wa Pliosini, baada yake ni mtu wa Plestosini.

#17 Kipepeo wa Rondo

Basi tutumie sumaku Tendaguru.

#18 Nyundo

Wazo halali, lakini sumaku haikuambii mwaka, inakuambia ndiyo au hapana: kawaida au imegeuka. Mwishoni mwa Jura iligeuka mara nyingi mno. Utapata mfululizo wa nyeusi na nyeupe bila kujua ni kipande gani cha mfululizo mrefu, sawa na kupewa ubeti mmoja wa utenzi unaorudia vina uleule na kuambiwa utaje ukurasa. Unahitaji nanga. Tena udongo mwekundu wa kitropiki ni wa kuogopa: madini ya chuma yaliyoota juzi yanabeba sumaku ya juzi. Lazima upashe sampuli moto hatua kwa hatua maabara, nyuzi 100, 200, kuendelea hadi zaidi ya 600, uone sumaku ipi inafutika mapema na ipi ni ya asili.

#19 Pembe ya Songwe

Songwe sumaku ilisaidia, kwa sababu ya bahati moja. Katikati ya Kretasia, takriban milioni 121 hadi 83, sumaku haikugeuka kabisa. Ukikuta mwamba mnene wote wa kawaida, una sababu ya kuuweka humo. Ndivyo miamba ya Galula ilivyobanwa, alikotoka Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa 2019. Mnyama wa Mtuka, mwenye moyo wa mkia, maana pingili yake ya mkia ukiitazama kwa nyuma ina umbo la moyo. Dinosaria pekee mwenye jina la Kiswahili.

#20 Mtama

Pekee? Na Shingopana je? Shingo pana, Songwe hukohuko kwenu, 2017.

#21 Chaza

Na Asilisaurus kongwe wa Ruhuhu, 2010.

#22 Tabaka Nne

@Chaza huyo si dinosaria, ni wa ukoo wa jirani sana. Nyasasaurus wa hukohuko ndiye anayebishaniwa kama ni dinosaria wa kwanza au ni ndugu wa karibu. Na umri wao ni shida ileile ya mleta mada: miamba ya Manda, walimopatikana, haina tafu la kupima, ikawekwa karibu milioni 245 kwa kulinganisha wanyama wake na wa Karoo ya Afrika Kusini. Kisha majivu yakapimwa Argentina kwenye miamba yenye wanyama wanaofanana, yakatoa namba ndogo kwa miaka milioni kadhaa. Sasa wako wanaosema Manda nayo ishushwe. Wengine wanasema wanyama wa Argentina walikuwa masalia ya ukoo uliochelewa kutoweka kule. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

#23 Pembe ya Songwe

Nimekubali kosa la "pekee". Shingopana namjua, kalamu imeteleza.

Nipendekeze zirkoni kwa Tendaguru. Ni fuwele ngumu, zinabeba urani inayooza kuwa risasi, zinapatikana kwenye mchanga wowote. Unachambua mia moja na zaidi, unatafuta iliyo changa kuliko zote. Mwamba hauwezi kuwa mkongwe kuliko chembe iliyomo ndani yake.

#24 Argoni40

Kanuni ni sahihi, faida ni ndogo. Chembe inakupa umri wa mlima uliotoa mchanga, si siku mchanga ulipotua. Mchanga wa pwani ya kusini umetoka kwenye miamba ya ukanda wa Msumbiji, ya mamia ya mamilioni ya miaka. Utajua Tendaguru ni changa kuliko milioni 500. Hilo hata kome anajua. Utafaidika tu kama kuna vumbi la volkeno ya mbali lililopeperushwa likaangukia humo, na lazima ulitafute chembe kwa chembe. Lakini halijathibitika kuwa halipo, kwa hiyo sikukatazi.

#25 Chaza

Mimi naona njia bora mbili hazijatajwa.

Ya kwanza ni strontiamu kwenye makombe. Maji ya bahari yote duniani yana uwiano mmoja wa strontiamu 87 kwa 86 kwa wakati mmoja, na uwiano huo ulishuka hadi karibu 0.7068 mapema katika Jura ya Mwisho, ukaanza kupanda taratibu hadi karibu 0.7072 kuelekea Kretasia. Pima kombe, soma kwenye mkunjo. Ila usichukue Trigonia: gamba lake ni aragonaiti, hugeuka kalsaiti baada ya kuzikwa na kumeza strontiamu ya maji ya ardhini. Chukua chaza au belemnaiti, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, kata kipande, angalia kama nyuzi za gamba bado zinaonekana, na pima manganizi. Ikiwa nyingi, tupa.

Ya pili ni maganda ya viumbe vidogo vya baharini, dinoflajelati, na chavua. Udongo gramu 20 hadi 50, tindikali ya haidrokloriki inaondoa chokaa, haidrofloriki inaondoa silika, unachekecha kwenye wavu wa maikroni 10 hadi 15, kinachobaki unakiweka kwenye kioo cha hadubini. Watu wanakosea kwa kuchukua udongo wa juu, mwekundu au wa manjano. Huo umeshaunguzwa na oksijeni, chavua hakuna, unachokipata ni chavua ya korosho ya mwaka jana. Chimba mtaro hadi ufike udongo wa kijivu, safisha uso wa ukuta, chukua sampuli kwa kisu safi, funga papo hapo.

#26 Nyundo

Strontiamu naipinga kidogo. Tendaguru ilikuwa na wangwa na mikono ya mito. Maji baridi yana strontiamu ya miamba ya bara, ambayo ni kubwa. Chaza wa wangwani atakudanganya aonekane mdogo kuliko alivyo.

#27 Chaza

Si kwa kiasi unachofikiria. Strontiamu iko nyingi baharini kuliko mtoni, inahitaji maji baridi mengi sana kuigeuza. Chukua belemnaiti, yeye hakai kwenye maji baridi.

#28 Nyundo

Ukimpata. Wao ni wachache kama amonaiti.

#29 Mtama

Nimepiga hesabu mwenyewe. Matabaka yote ni zaidi ya mita 100. Tope likitua milimita moja kwa mwaka, ni miaka laki moja tu. Mnapata wapi mamilioni?

#30 Tabaka Nne

Hesabu ya kuzidisha iko sawa, dhana ndiyo haiko sawa. Tope halitui kila mwaka. Linatua siku ya mafuriko, kisha kimya, kisha mto unakula lililotua jana. Bahari ikishuka, mwamba unalika badala ya kuongezeka. Mstari mmoja wa kokoto kati ya matabaka mawili unaweza kuficha miaka mingi kuliko mita 20 za tope zilizo juu yake. Kwenye genge angalia mashimo ya mizizi, chokaa ya vinundu, makombe yaliyotobolewa na minyoo: hayo ni alama kwamba uso ulikaa wazi muda mrefu.

#31 Kipepeo wa Rondo

Tukiacha miaka, kwa nini mifupa ni mingi hivyo mahali pamoja? Nimesikia walinasa kwenye tope.

#32 Nyundo

Hiyo ni hoja ya Janensch mwenyewe, na ina ushahidi: kuna miguu ya sauropodi, dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, iliyokutwa imesimama wima udongoni huku mwili wa juu haupo. Mnyama wa tani nyingi akikanyaga tope la ufukweni maji yakiwa yamekupwa, hatoki. Mwili unaozea juu, mguu unabaki.

#33 Pembe ya Songwe

Baadaye wakaja wenye hoja ya ukame, mwaka 1980: msimu wa kiangazi ukirefuka, wanyama wanasongamana kwenye maji yaliyobaki na kufia hapo, kama tembo wa Tsavo walivyokufa ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chavua ya Tendaguru ina misonobari ya jamii zinazovumilia ukavu, kwa hiyo kiangazi kilikuwepo.

#34 Chaza

Hoja zote mbili hazielezi Dysalotosaurus, dinosaria mdogo wa Tendaguru. Kwenye shimo lao mifupa imeachana, imepangwa na maji, na wengi ni wachanga, watu wazima wachache. Hao walikufa kundi zima, kisha mkondo wa maji ukawasomba ukawarundika. Kwangu mimi Tendaguru haina kifo kimoja. Sauropodi ana sababu yake, Kentrosaurus, dinosaria mwenye miiba mgongoni, yake, na huyu yake.

#35 Nyundo

Mkondo unaelezea kurundikana, haujaelezea kufa. Walikufa kwa nini?

#36 Mtama

Nikikutana na mfupa Lindi nifanyeje? Na nitajuaje si jiwe?

#37 Tabaka Nne

Vunjikio la mfupa linaonyesha vitundu kama sifongo ndani na ganda gumu nje, jiwe halina. Wengi hugusisha kipande kwenye ulimi: mfupa una vitundu, unanata.

Usiung'oe. Ukishautoa ukutani umeua nusu ya taarifa, maana haya yote tuliyobishania yanategemea ulikuwa tabaka gani. Piga picha ukiweka rula kando, moja ya karibu na moja ya genge zima, chukua majira ya GPS, andika uko juu au chini ya mchanga wa makombe, na umbali kwa mita. Kisha toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Kuchimba bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Wenye kibali wataupaka gundi, watauzungushia karatasi laini iliyoloa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, ndipo wakate udongo chini yake na kuugeuza.

#38 Mchimba Hoja

Nimefuata kila jibu. Dai langu nalibadilisha: milioni 150 ni namba ya kukopa, lakini "mwisho wa Kimeriji" ni ya Tendaguru yenyewe. @Chaza, kwa Tabaka la Chini je? Nimeona wengine wanalianzisha Oksifodi, hatua iliyotangulia Kimeriji.

#39 Chaza

Hapo sehemu yake ya chini kabisa haijaonekana vizuri, imefunikwa. Wa Oksifodi wanategemea baadhi ya vijimea na ostrakodi, vijidudu vyenye gamba, wa maji baridi, na hao huishi muda mrefu kupita kiasi. Mimi nasema Kimeriji.

#40 Mwalimu wa Chati

Mimi naacha alama ya kuuliza mbele ya Oksifodi mpaka mtu achimbe mtaro ufike udongo wa kijivu pale chini.